Subaru Kuukuu Ikikataa Kona, Usikimbilie Spea

Wasomaji wangu, leo naweka kando programu na seva, tuzungumze magari. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wawe na subira, itakuja.

Kuna ushauri mmoja umenichosha. Vijana wenye Subaru za zamani wakikutana popote hapa Nairobi, iwe ni kwenye kituo cha petroli au kwenye karakana za Kariobangi Light Industries hapa jirani na Dandora, mmoja akilalamika kwamba gari lake linakataa kukata kona, hajamaliza sentensi keshajibiwa: "Weka stabilaiza nene nyuma." Basi. Hakuna anayemuuliza linakataa wapi, kwenye lami au kwenye udongo, akiwa amekanyaga breki au mafuta, matairi yana umri gani. Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mteja akinipigia simu kusema "mfumo hauendi" nami nikamjibu anunue kompyuta mpya, hiyo itakuwa simu yake ya mwisho kwangu. Sasa mbona kwenye gari tunakubali jibu ambalo ofisini tungelicheka?

Tuelewane kwanza. Unazungusha usukani, gari linaitikia kidogo, halafu linaendelea kwenda mbele, pua ikitafuta ukingo wa nje wa kona. Unaongeza usukani, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo andastia: matairi ya mbele yameishiwa na mshiko kabla ya yale ya nyuma. Ikiwa ya nyuma ndiyo yametangulia kuishiwa, mkia unatoka, na hiyo ni ovastia. Ukiyashika haya mawili, mengine yote nitakayosema ni hesabu ya nani anamaliza mshiko wake kwanza na kwa nini.

Jambo ambalo wanaouza stabilaiza hawakwambii ni kwamba kiwanda kililitengeneza gari hivyo kwa makusudi. Dereva wa kawaida akishtuka katikati ya kona, mguu unaachia mafuta wenyewe. Gari la andastia likiachiwa mafuta, uzito unaegemea mbele, matairi ya mbele yanapata mshiko na pua inarudi ndani. Kosa linasameheka. Gari la ovastia likiachiwa mafuta ghafla, mkia unakupita na unajikuta unatazama ulikotoka.

Wamarekani wana kisa chao maarufu, cha Chevrolet Corvair iliyoingia sokoni na modeli ya mwaka 1960. Injini ilikaa nyuma, na modeli za kwanza hazikuwekewa stabilaiza ya mbele. Ilikuja kuwa ya kawaida kwenye modeli ya 1964. Kabla ya hapo kiwanda kilitegemea upepo wa matairi kuzuia mkia usitoke: 15 PSI mbele, 26 nyuma. Yaani kijana wa petroli aliyejaza "sawa kote" alikuwa amebadilisha tabia ya gari bila kujua, na mwenye gari pia bila kujua. Ralph Nader aliipa gari hiyo sura ya kwanza ya kitabu chake Unsafe at Any Speed cha mwaka 1965. Kumbukeni hizo PSI, tutazirudia.

Turudi kwa Subaru. Nazungumzia Impreza za kwanza, zile GC8 ambazo wengi wenu mnazo au mnazitamani, na kwa kiasi kikubwa zile zilizofuata pia. Injini ya boxer imelala chini, jambo zuri kwa sababu uzito unakaa chini. Lakini imekaa mbele ya mstari wa magurudumu ya mbele. Karibu asilimia 60 ya uzito wote iko pale puani. Nyundo yenye kichwa kizito haigeuki haraka. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, na Patrick Njiru wetu aliendesha Subaru katika Safari miaka hiyo ya 1990, kwa hiyo hakuna anayesema gari halifai. Ila gari la McRae na lako wanachangia jina na umbo la nje, sina hakika kama kuna zaidi.

Lingine: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. GC8 ziliacha kutengenezwa mwaka 2000. Fanya hesabu mwenyewe: yoyote iliyoko mjini leo imekula matuta ya Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kabla ya hapo ilikuwa na maisha mengine Japani au Uingereza. Huku Dandora barabara tunagawana na malori ya taka yanayokwenda jalalani, mashimo yake mnayajua. Kwa hiyo ukisema "Impreza inakataa kona," swali langu ni, Impreza ipi? Ile iliyotoka kiwandani, au hii yenye bushi zilizokatika, shokabsoba zinazovuja mafuta na matairi ya majina manne tofauti?

Kwenye programu kuna kosa la kawaida sana la wanaoanza, kuandika sehemu mpya juu ya sehemu iliyoharibika. Inafanya kazi siku mbili. Stabilaiza mpya juu ya linki zilizolegea ni kitu hicho hicho.

Basi tuanze na matairi, kwa sababu matairi ndiyo yanayogusa ardhi, mengine yote ni maoni. Hizi Impreza za gia za mkono, zile WRX, zina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Ndani yake kuna sahani zinazoelea kwenye silikoni nzito. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi tofauti, silikoni inapata joto, inakaza, inajaribu kuyasawazisha. Imeundwa kufanya hivyo kwa muda mfupi. Sasa wewe umeweka matairi mapya mbele na nyuma umeacha yaliyolika. Tairi lililolika ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Difu inapigana na tofauti hiyo kutoka Dandora hadi mjini na kurudi, kila siku, miezi. Mwishowe silikoni inapikika na difu inabaki imejifunga. Difu ikijifunga, mbele na nyuma haviwezi tena kupishana kwenye kona kali, na gari linasukuma pua nje.

Unaona? Tatizo lako la kona linaweza kuwa limetokana na tairi ulilonunua mwaka juzi. Kulijua ni rahisi na ni bure. Tafuta uwanja wa lami usio na watu, kata usukani mpaka mwisho, nenda polepole kwa gia ya kwanza na injini ikiwa imeshapata joto. Gari likirukaruka au likijivuta kana kwamba umekanyaga breki, difu ya katikati inakulaumu. Hapo stabilaiza ya nyuma ungeiweka ya nini?

Ukitoka hapo nenda chini ya gari. Bushi ya nyuma kwenye mkono wa chini wa mbele ndiyo ya kwanza kuangalia. Ikichoka, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na kubadilisha uelekeo, kwa hiyo pembe unazolipia kwenye alainimenti zinakufaa gari likiwa limesimama tu. Linki za stabilaiza, vichwa vya usukani, shokabsoba. Fundi mzuri wa Kariobangi anajua kuzipima kwa mtaimbo mdogo na sikio. Hizi hazina sifa yoyote, hakuna anayepiga picha bushi mpya akaionyesha marafiki, na nadhani ndiyo sababu zinarukwa.

Halafu alainimenti yenyewe, baada ya bushi. Kwenye Impreza hizi boliti ya juu inayoshika shokabsoba ya mbele imetengenezwa ikiwa si duara kamili, ukiizungusha gurudumu linainama ndani au nje. Ukilala gari kwenye kona ya lami, tairi la nje linakanyagia bega lake la nje. Ukiinamisha gurudumu ndani kidogo kwa juu, linapokuwa kwenye kona linasimama wima na kukanyaga kwa uso wake wote. Hiyo ni andastia imepunguzwa bila kununua chochote zaidi ya kazi ya fundi na mashine ya alainimenti. Waombe pia wahakikishe pande mbili zinalingana. Ukipewa karatasi ya vipimo, itunze. Asiyekupa karatasi sijui unamlipia nini.

Sasa swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo: linakataa lini? Hapa ndipo wengi wanapotea, na hapa ndipo mazoea ya kutafuta hitilafu kwenye programu yananisaidia kweli. "Linakataa kona" ni ripoti tatu tofauti. Kuna kukataa wakati wa kuingia, wakati bado una breki au umetoka tu kuiachia. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu; ukiutumia wote kusimamisha gari, wa kugeuza haubaki. Huko mara nyingi mwenye tatizo ni dereva, ameingia kwa kasi ambayo hata McRae angeikataa, au amekata usukani kwa nguvu na kwa ghafla. Kuna kukataa katikati ya kona, mguu ukiwa umetulia. Huko ndiko pembe za magurudumu, upepo na stabilaiza vinahusika. Na kuna kukataa wakati wa kutoka, ukikanyaga mafuta, tabo inaamka na uzito unakimbilia nyuma na kuiacha pua nyepesi. Huko dawa ya kwanza ni kungoja. Sekunde nusu tu ya subira kabla ya kukanyaga, na pua iwe imeshatazama inakokwenda.

Stabilaiza ya nyuma inatibu ya pili vizuri, ya tatu kidogo, na ya kwanza kwa bahati. Na inatibu vipi? Wengi wanadhani inaongeza mshiko mahali fulani. Haiongezi. Inapunguza mshiko wa nyuma mpaka ulingane na wa mbele. Chukua mfano: matairi mawili ya nyuma, kila moja limebeba kilo 300 na linatoa mshiko wa 300, jumla 600. Kwenye kona uzito unahamia nje. Stabilaiza nene inahamisha zaidi upande huo wa nyuma. Tuseme la nje sasa limebeba 450 na la ndani 150. Tairi likizidishiwa mzigo mshiko hauongezeki kwa kiwango kile kile, kama vile mtu wa mkokoteni, gunia la tano halimpunguzii kasi sawa na la kwanza. La nje linatoa, tuseme, 420, la ndani 155. Jumla 575. Hizo 25 zilizopotea ndizo "dawa" uliyonunua. (Namba ni za mfano, ila kanuni ni ya kweli kwa kila tairi.) Mbele nako, kwa kuwa nyuma imebeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia gari lisilale, matairi ya mbele yanapumua kidogo. Kwa jumla gari linasawazika. Sipingi stabilaiza, ni kifaa kizuri. Napinga kuitanguliza.

Na kuna habari ya udongo. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na Wamarekani, na otokrosi yao ni ya lami: uwanja mkubwa wa kuegesha magari, koni za plastiki, gari moja moja linapita kwa saa. Kwetu Kenya mashindano ya otokrosi hukimbiwa kwenye njia za udongo, kama pale Jamhuri kando ya Barabara ya Ngong, kuanzia watoto wa daraja la Bambino hadi magari ya tabo ya magurudumu yote manne. Ni michezo miwili yenye jina moja. Kwenye lami gari gumu linafaa. Kwenye udongo wa mikwaruzo na mashimo, springi ngumu na stabilaiza nene vinafanya gurudumu la ndani liruke hewani, na gurudumu lililo hewani halina mshiko wa kumpa mtu yeyote. Ule mwinamo wa magurudumu nao unapungua umuhimu, kwa sababu udongo wenyewe unateleza kabla tairi halijapinda bega.

Kwenye udongo dawa kubwa ya kukataa kona iko mguuni na mikononi. Achia mafuta mapema kidogo unapokata usukani, uzito uje mbele, pua ishike, mkia uanze kuzunguka, kisha ukanyage. Waliopiga hatua wanagusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia umeshikilia mafuta ili tabo isilale. Breki ya mkono ni ya mwisho, na kwenye hizi zenye difu ya silikoni usiifanye mchezo, maana ukifunga magurudumu ya nyuma unaipa difu ile ile kazi ya kuteseka. Nimesikia watu wakisema mbinu hizi ni za madaraja ya juu. La. Mtu wa gari la elfu moja na mia tatu lisilo na tabo anazihitaji zaidi, kwa sababu hana nguvu za kufichia makosa.

Unapimaje kama umefanikiwa? "Naona limekaa vizuri" si kipimo, baada ya kutumia pesa kila kitu huonekana vizuri. Simu yako ina jairoskopu inayoweza kusoma mara mia moja kwa sekunde gari linazunguka kwa kasi gani. Ifunge imara katikati ya gari, isicheze hata kidogo. Weka utepe mweupe juu ya usukani na simu ya pili irekodi video yake. Sasa hesabu: Impreza ya GC8 ina mita 2.52 kutoka ekseli hadi ekseli. Tuseme unakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na umekata usukani digrii 90. Kama uwiano wa usukani ni 15 kwa 1, magurudumu yamegeuka digrii 6. Gari linalotii lingezunguka karibu digrii 24 kwa sekunde. Jairoskopu ikisoma 16, umepata theluthi mbili ya ulichoomba. Hiyo ndiyo andastia yako, kwa namba. Kasi isome kwenye spidi ya gari ndani ya video, kwa sababu mahali pa simu kwa setilaiti husasishwa polepole, mara nyingi mara moja kwa sekunde, na kona ya otokrosi inakwisha kabla hajajua.

Kisha badilisha kitu kimoja. Kimoja! Upepo wa nyuma ongeza PSI 2 kuanzia namba iliyoko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, rudia kona ile ile mara tano, andika. Rudisha. Jaribu kingine. Kwenye lami paka chaki kwenye bega la tairi, ukirudi utaona limekanyaga mpaka wapi: chaki ikifutika hadi ubavuni, upepo wa mbele ni mdogo. Daftari la shilingi hamsini lina thamani kuliko spea nyingi nilizoona zikifungwa.

Kuna kitu kimoja ambacho nakiombea kikome. Kuna jamaa wanaacha matairi yaliyokwisha nyuma kwa makusudi ili mkia utoke kirahisi. Kwenye udongo, Jumapili, ndani ya uwanja wenye kamba na gari la wagonjwa, sawa, ni mchezo wako. Lakini wengi wetu hatuna trela. Gari la mashindano ndilo linakurudisha nyumbani, na Jumatatu asubuhi ndilo liko Outering mvua ya Aprili inanyesha, mathree imekatisha mbele yako bila taa na mguu wako umeachia mafuta wenyewe kabla akili haijaamua. Kile kiwanda kilichokupa kama msamaha umekifuta. Na anayevuka barabara pale hakujiandikisha kwenye mashindano yako. Kampuni za matairi, Michelin ikiwamo, zinashauri matairi yenye uhai zaidi yakae nyuma hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu hii hii.

Kwa hiyo ukifika hatua ya stabilaiza, baada ya yote hayo, nunua ile yenye matundu mawili au matatu ya kufungia linki. Tundu la karibu na ncha ni laini, la ndani ni gumu. Uwanjani tumia gumu. Jioni, kabla ya kufungua geti la kutokea, ingia chini na spana yako, rudisha linki kwenye tundu laini, rudisha upepo kwenye namba ya kibandiko, pima mara mbili. Ni dakika ishirini, pamoja na kufuta matope.

Ile programu ya kusoma jairoskopu nitaiweka hapa nikishaisafisha. Kwa sasa inaandika namba kwenye faili tu, haina hata kitufe cha kuisimamisha.